Misingi ya Sheria kwa Wanafunzi wa Uchumi na Biashara: Mbulu na Hanang

Misingi ya sheria ni somo la utangulizi wanalosoma wanafunzi wa uchumi, uhasibu na biashara ili wajue sheria inatoka wapi, nani anaweza kushtaki na kushtakiwa, mali ni nini, mkataba unafungwaje na mgogoro unaamuliwa wapi. Kwa Tanzania Bara, mlango wa mali katika somo hili unaweza kufundishwa karibu wote kwa kesi mbili zilizotoka wilaya za Mbulu na Hanang, ambazo leo zimo katika Mkoa wa Manyara na zamani zilikuwa za Mkoa wa Arusha. Ya kwanza ni ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO), iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Ya pili ni ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Lohay Akonaay na Joseph Lohay, iliyoamuliwa Desemba 1994. Katika ya kwanza wanakijiji walishindwa, katika ya pili wakashinda, na swali lilikuwa lile lile: je, mtu anayeishi juu ya ardhi kwa mila, bila karatasi, ana mali?

Vyanzo vya sheria

Sheria ya Tanzania Bara ina tabaka nne: Katiba, sheria zilizotungwa na Bunge, sheria ya Kiingereza iliyopokewa kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na sheria za mila na za dini. Hukumu za mahakama za juu huzifunga mahakama za chini.

Sheria ya mila haikuanzia kwenye vitabu. Kwa Wabarabaig, tawi kubwa la Wadatoga wa Hanang, mambo ya malisho ya wote huamuliwa na mkutano wa wanaume wote, getabaraku. Mambo ya ukoo, kama kisima kilichochimbwa na watu wa ukoo huo, huamuliwa na baraza la ukoo. Na ya boma kwa boma huishia kwa majirani. Liko pia baraza la wanawake, girgwagedgademga, ambalo huweza kumtoza mwanamume faini ya ng'ombe akiwavunjia wanawake haki yao. Mwanafunzi wa uchumi aliyefundishwa kwamba malisho ya pamoja ni mali isiyo na mwenyewe na kila mtu huchunga apendavyo, angetazama kwanza mfumo huu. Malisho ya Hanang yalikuwa na wenyewe, yalikuwa na kanuni, na yalikuwa na adhabu.

Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Ardhi iliyotamka ardhi ya Tanganyika kuwa ya umma chini ya gavana. Marekebisho ya 1928 yakamtambua mwenyeji anayetumia ardhi kwa mila kuwa ana haki ya kuikalia. Baada ya Uhuru rais alichukua nafasi ya gavana, na muundo wenyewe ukabaki.

Ngano ya Basotu na kesi ya Mulbadaw

Tambarare za Basotu, magharibi ya Mlima Hanang, zina udongo mweusi wenye rutuba. Wabarabaig huita maeneo ya namna hiyo muhajega, na ndiyo malisho bora kuliko yote katika mzunguko wao wa mwaka: mifugo hupelekwa pale kwa msimu, kisha huondolewa ili nyasi zirudi. Kwa hiyo mgeni anayepita msimu usiofaa huyaona matupu.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliamua kulima ngano huko, na Kanada ikasaidia kwa fedha, mitambo na wataalamu. NAFCO iliishia kuwa na mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Gawal na Warret, yote pamoja karibu ekari 100,000. Ngano ilipatikana, na kwa miaka kadhaa mashamba hayo yalitoa sehemu kubwa ya ngano iliyolimwa nchini. Lakini ardhi iliingizwa katika hesabu za mradi kana kwamba haikuwa na matumizi mengine. Wafugaji waliondolewa, njia za kufikia maji na mahali pa chumvi ya mifugo zikakatwa, na matrekta yakalima hata juu ya bung'ed, makaburi ya wazee wa heshima yanayojengewa tuta kubwa la udongo baada ya msiba wa miezi mingi. Kwa Mbarabaig kaburi la namna hiyo ni ushahidi kwamba ukoo umeishi hapo, na lina uzito kuliko mhuri. Lililolimwa halikuacha kumbukumbu ya kupeleka mahakamani. Utafiti wa Charles Lane, uliotolewa kama kitabu mwaka 1996, ndio unaoeleza mambo haya kwa kina.

Baraza la Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji kadhaa walifungua shauri mwaka 1981 katika Mahakama Kuu, Arusha, wakidai NAFCO imeingia kwenye ardhi yao bila haki. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. NAFCO ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu kwa hoja mbili ambazo kila mwanafunzi wa biashara anapaswa kuzishika.

Hoja ya kwanza inahusu nafsi ya kisheria. Kijiji kilichosajiliwa chini ya sheria ya vijiji ya 1975 kina nafsi yake, kinaweza kushtaki na kushtakiwa. Lakini kuwa na mipaka ya utawala si kuwa na ardhi. Mahakama ilisema baraza halikuonyesha kwamba liligawiwa ardhi hiyo na Baraza la Maendeleo la Wilaya, kwa hiyo halikuwa mmiliki. Hoja ya pili inahusu wajibu wa kuthibitisha. Wanakijiji waliodai haki ya kimila walitakiwa wathibitishe kwanza kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya Sheria ya Ardhi ya 1923, na mahakama ikaona wengi hawakuthibitisha. Mfugaji aliyezaliwa Basotu, na baba yake akazikwa Basotu, alishindwa kwa sababu hakusema kizimbani jambo ambalo hakuna jirani yake angemuuliza.

Kesi nyingine za Wabarabaig dhidi ya mashamba ya ngano zilifunguliwa mwaka 1988 na 1989, baadhi kwa njia ya uwakilishi, yaani watu wachache wakisimama kwa niaba ya mamia. Hazikubadilisha kanuni iliyowekwa mwaka 1985.

Kesi ya Lohay Akonaay

Lohay Akonaay na mwanawe Joseph walikuwa wakulima wa kijiji cha Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, wakati huo Wilaya ya Mbulu. Eneo hilo sasa liko Wilaya ya Karatu. Kama familia nyingi za Wairaqw wa huko, walipoteza ardhi yao katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu walipohamishwa na mashamba kugawiwa upya. Mwaka 1987 walifungua kesi katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Arusha, wakashinda, na wakarudishiwa shamba. Wapinzani wao wakakata rufaa Mahakama Kuu.

Kesi za namna hii zilikuwa nyingi mkoani Arusha, na serikali iliona zinatishia vijiji vyote vilivyoanzishwa kwa operesheni. Mwaka 1987 ilitoa Tangazo la Serikali Na. 88 la kufuta haki za kimila katika sehemu za mkoa huo. Kisha ikaja sheria nzito zaidi, Sheria Na. 22 ya 1992, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 1992, wiki chache tu baada ya Tume ya Rais ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji, kukamilisha ripoti yake. Sheria hiyo ilifuta haki za kimila katika vijiji hivyo vya operesheni, ikakataza fidia, ikaziondolea mahakama mamlaka, ikasimamisha mashauri yaliyokuwa yakiendelea na kuzuia hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe.

Baba na mwana wakaishtaki serikali kwa kutumia tamko la haki lililoingizwa katika Katiba mwaka 1984, ambalo liliweza kudaiwa mahakamani kuanzia Machi 1988. Jaji Munuo wa Mahakama Kuu aliitupa sheria yote. Serikali ilikata rufaa mbele ya Jaji Mkuu Francis Nyalali na majaji wa rufani Makame na Kisanga.

Hukumu yao ni miongoni mwa zilizo safi kabisa katika historia ya mahakama za nchi hii. Majaji walisema haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Kuichukua bila fidia ya haki ni kinyume cha Katiba. Na fidia haiishii kwenye nyumba na miti, kwa sababu mtu aliyetia jasho lake katika ardhi ameipa thamani hata kama hakujenga kitu. Walionya kwamba msimamo wa kinyume ungewageuza watu wengi wa Tanzania Bara kuwa wavamizi katika nchi yao. Vifungu vilivyokataza fidia na vilivyofunga mlango wa mahakama vilitamkwa batili, ingawa Mahakama ya Rufani haikuifuta sheria nzima kama Mahakama Kuu ilivyofanya: ilitenganisha vilivyokiuka Katiba na visivyokiuka.

Kuhusu wajibu wa kuthibitisha, majaji walisema sheria ya Bunge huchukuliwa kuwa halali mpaka anayeipinga athibitishe vinginevyo. Lakini anayetetea kubanwa kwa haki ya msingi kwa kutegemea masharti ya Katiba ndiye anayebeba mzigo wa kuonyesha kwamba ubanaji huo ni halali. Ukilinganisha na Mulbadaw, ambako mzigo wote ulikuwa mgongoni mwa mfugaji, tofauti ni kubwa.

Pengo moja limebaki. Kipimo cha jasho kinamfaa mwenye jembe. Mfugaji anayeacha nyanda zipumzike, au Mhadzabe wa bonde la Yaeda anayewinda na kuchimba mizizi bila kufyeka pori, naye anatunza ardhi, lakini kazi yake haionekani kwa macho ya mthamini.

Sheria za ardhi za 1999

Sera ya Taifa ya Ardhi ilitolewa mwaka 1995, na Sheria ya Ardhi (Na. 4) na Sheria ya Ardhi ya Vijiji (Na. 5) zikapitishwa mwaka 1999 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Frederick Sumaye, mbunge wa Hanang. Kifungu cha 18 cha Sheria Na. 5 kinaipa hakimiliki ya kimila hadhi sawa na hakimiliki iliyotolewa na serikali. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya kupata ardhi. Fidia inapaswa kuwa kamili, ya haki na ya haraka.

Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kwa maslahi ya umma na haizidi hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri. Kwa mwekezaji, ramani ya mamlaka ni hiyo.

Mfano uliotajwa sana wa hati ya pamoja ni wa Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, waliopata hakimiliki ya kimila ya jumuiya mwaka 2011 kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team. Edward Loure wa shirika hilo alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2016. Baada ya hati, jumuiya iliweza kuingia mkataba wa biashara ya hewa ukaa. Bila hati kusingekuwa na cha kuuza.

Mkataba, mnada na lumbesa

Sheria ya Mikataba ilitungwa mwaka 1961 kwa kufuata sana ile ya India ya 1872. Mkataba halali unahitaji ridhaa huru, watu wenye uwezo wa kisheria, malipo halali na lengo halali. Hauhitaji maandishi katika biashara nyingi za kawaida: makubaliano ya mdomo ya kununua fahali kwenye mnada wa Katesh au Haydom yanafunga kama ya karatasi, shida ni kuyathibitisha. Kanuni ya kawaida ni kwamba asiye na mali hawezi kuihamisha, ndiyo maana mnunuzi wa ng'ombe mwenye busara hutazama alama na kudai kibali kabla ya kutoa hela.

Mbulu inajulikana kwa vitunguu swaumu, na hapo ndipo lumbesa inapoingia. Gunia hujazwa mpaka mdomo, kisha huongezewa kilemba kinachofungwa kwa kamba au wavu, na mkulima hulipwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza: mazao yauzwe kwa mizani, na gunia lisizidi kilo 100. Mkulima anayesema "nilikubali mwenyewe" hajaihalalisha lumbesa, kwa kuwa watu wawili hawawezi kukubaliana kuvunja sheria.

Mbaazi ya Hanang na Babati inafundisha jambo jingine. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa uagizaji wa mbaazi na bei ikaporomoka. Mkataba huvunjika wenyewe pale utekelezaji unaposhindikana kabisa (kifungu cha 56 cha Sheria ya Mikataba). Bei kuanguka hakumtoi mnunuzi katika ahadi yake.

Kampuni na ushirika

Kampuni husajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni ya 2002 na vyama vya ushirika chini ya Sheria Na. 6 ya 2013. Wanahisa wa kampuni yenye ukomo hawawajibiki zaidi ya hisa zao.

Hali ya sasa

NAFCO haipo tena. Katika ubinafsishaji wa miaka ya 2000 baadhi ya mashamba ya ngano yalikwenda kwa wawekezaji na mengine yakagawiwa wananchi. Migogoro ya ardhi huanzia Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba na wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu na haliamui. Shauri lisilosuluhishwa huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kisha Mahakama Kuu.