SANBI yatimiza miaka 30

Mwaka 2026 Taasisi ya Taifa ya Bioinfomatiki ya Afrika Kusini, SANBI, inatimiza miaka 30. Winston Hide aliianzisha 1996 katika Chuo Kikuu cha Western Cape, Bellville, karibu na Cape Town. Chuo hicho kilifunguliwa 1960 na serikali ya ubaguzi wa rangi kwa ajili ya watu iliowaita machotara, nacho hakikurithi utajiri wa maabara. Lakini data za jeni zilikuwa zimeanza kuwekwa wazi kwenye intaneti, na kuzichambua kulihitaji kompyuta na vichwa vilivyofunzwa. Hide aliiona nafasi hiyo mapema.

Kazi yao ya mwanzo iliyovuma ni STACK, hazina iliyopanga vipande vya jeni za binadamu kwa tishu vilikotoka. Mwandishi wa kwanza wa makala yake ya 2001 alikuwa Alan Christoffels, mwanafunzi wa hapohapo. Alikwenda Singapore, akarudi, na Hide alipokwisha kuhamia Marekani, yeye akaja kuwa mkurugenzi. Nalihesabu hilo kuwa fanikio kubwa kuliko mashine yoyote waliyopata, kwa kuwa wataalamu wa fani hii hugombewa dunia nzima na wengi wakiondoka hawarudi.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki, kazi yao ya kukumbukwa ni ya mbung'o, mdudu anayeeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Mradi wa kimataifa wa kusoma jenomu yake ulianza 2004, SANBI ikiwa miongoni mwa washirika wa uchambuzi, na matokeo yakatoka katika jarida la Science mwaka 2014: herufi milioni 366, jeni zipatazo 12,000. Mbung'o hatagi mayai kama nzi wengine. Hubeba buu mmoja tumboni, humnyonyesha humohumo, kisha humzaa. Jeni za maziwa hayo sasa zinajulikana, na anayetafuta njia ya kumzuia asizae ana pa kuanzia.

Taasisi ilishiriki pia kutengeneza Baobab LIMS, programu ya bure ya kufuatilia sampuli katika benki za kibiolojia.

Mwaka 2019 Christoffels na wenzake walizindua PHA4GE, muungano wa wanaotumia jenomiki katika afya ya umma. UVIKO-19 ilipoingia, muungano huo ulitoa mwongozo wa namna ya kuandika tarehe, mahali na chanzo cha kila sampuli ya kirusi, ili data za maabara moja zisomeke katika nyingine.