Pipa wa Kikono na Hasira Isiyotemwa

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba riwaya ya M. G. Vassanji, The Book of Secrets (1994), inathibitisha kuwa yaliyopita hayawezi kujulikana. Mwalimu mstaafu Pius Fernandes anapewa shajara ya mwaka 1913 ya Alfred Corbin, mtawala wa Kiingereza. Anaichimbua Dar es Salaam mwaka 1988, na siri kubwa inamponyoka. Basi, wanasema, historia ni fumbo. Dai hilo ni la kivivu, hasa likisomwa hapa Chawia, Taita, maana Kikono, mji wa kubuni wa riwaya hiyo, umewekwa mlangoni petu, upande wa mpaka wa Taveta.

 Tuje kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyoikumba Kikono ya riwaya na nchi yetu halisi. Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Mwaka 1915 Waingereza wakatandaza reli kutoka Voi, ikapita Mwatate na Bura chini ya milima yetu hadi Maktau. Mwaka huohuo watu wa mlima wa Kasigau walishutumiwa kuwasaidia Wajerumani. Nyumba zikachomwa, wakahamishiwa Malindi, na wengi wakafia huko kwa njaa na maradhi. Februari 1916 Waingereza walishindwa Salaita. Machi wakairudisha Taveta. Waliosalia wa Kasigau hawakurudi kwao hadi miaka ya 1930.

Ndani ya vita hivyo Vassanji anamweka Pipa, mwenye duka wa Kihindi asiyemjua baba yake. Anamwoa Mariamu, aliyewahi kumhudumia Corbin, na anamlea Ali bila kujua kama ni damu yake. Pande zote mbili za vita zinamtaka azipelekee habari. Mariamu anauawa, na shajara inabaki kwa Pipa, asiyeweza kuisoma. Anaificha na kuitukuza, na shaka yake kuhusu Ali hamwambii mtu.

Ninashangaa kwamba wanaoijadili riwaya hii hawamtaji mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuandika Casting Out Anger (1978). Alieleza kutasa: mtu hujaza kinywa pombe, maji au maji ya miwa, akapuliza huku akiitamka hasira yake na kuomba heri. Wazee waliamini kuwa hasira iliyofichwa moyoni huwadhuru ndugu hata kama mwenye nayo hakukusudia. Mtu hakuachwa azeeke nayo, aliitwa aiseme.

Kwa kipimo hicho Pipa anaeleweka. Kinachomwandama si kutojua nani aliyemzaa Ali, bali kulimeza swali hilo maisha yake yote, na mtoto akalirithi asilolitenda. Wanaosema Vassanji anaitetea haki ya jamii ndogo ya Wahindi kutunza siri zake wana hoja, nami naiheshimu: katikati ya majeshi mawili, kunyamaza kulikuwa kinga. Ila kinga ya mwaka 1915 haikupaswa kuwa malezi ya mwaka 1930.

Riwaya ya Kasigau bado inatudai. Mtoto aliyebebwa hadi Malindi akarudi mtu mzima, akakuta viunga vya baba yake vimeota pori, si fumbo kwa yeyote. Mwandishi wa kwetu atakayemsimulia hatahitaji shajara ya mtawala.