Mwalimu, Wewe Unauza Nini?

Swali hilo huja kila mwaka, mara nyingi wiki ya tatu ya muhula, wanafunzi wakishanizoea. Kijana wa viti vya nyuma ananyoosha mkono kwa adabu zote: "Samahani Mwalimu, wewe mwenyewe unauza nini?" Darasa linaangua kicheko. Nami nawajibu kweli: kwa sasa siuzi kitu, ila mwaka 2014 nilifuga kware. Wakati ule mayai ya kware yalikuwa dawa ya kila ugonjwa, kuanzia Nairobi hadi Sakina hapa Arusha, na kila mfugaji alikuwa akimuuzia ndege mtu mwingine anayetaka kuanza kufuga. Watu wa kuanza walipokwisha, na soko likaisha. Kware wangu tuliwala. Nyama yake si mbaya.

Nafundisha ujasiriamali na ubunifu katika mojawapo ya vyuo vya mji huu wa Arusha. Kwenye mtaala maneno hayo mawili yameunganishwa kwa "na" kana kwamba ni mapacha. Hapa kwetu hayakuzaliwa hivyo. Yalilelewa katika nyumba mbili zisizosalimiana, na nalijua hilo kwa kuwa nimelala kote kuwili. Mama yangu alikuwa mfanyabiashara wa soko la Tengeru. Mjomba wangu, kaka yake, alikuwa fundi mwashi wa CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini.

Nianze na Mama. Kwetu ni Maji ya Chai, ukishapita Usa River kama unaelekea Moshi. Soko la Tengeru lina siku zake mbili, Jumatano na Jumamosi. Siku za katikati Mama alipanda migombani kwa watu, Poli na Akheri, akinunua mikungu ya mshare ikiwa bado juu ya mgomba. Neno mtaji hakulitumia. Alisema "hela ya kuzungusha". Alijua saa ambayo bei huanguka, nayo ni pale magari ya kwenda mjini yanapokaribia kuondoka na muuzaji hataki kurudi na mzigo mlimani. Mimi nilikuja kulisoma jambo hilo chuoni likiwa na mchoro wa mistari miwili inayokatana, na nikadhani ni jipya.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Kutoka Arusha hadi Namanga ni kilomita kama 110 tu. Sabuni, mafuta ya Kimbo na dawa ya meno vikaanza kusafiri usiku. Mama hakuwahi kufika Namanga. Alinunua kwa waliofika, akauza chini ya ndizi. Kazi hiyo iliitwa magendo, na mwenye kuifanya aliitwa mlanguzi, jina ambalo mtoto hakutaka lisemwe karibu na jina la mama yake. Kisha mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine, mtu wa Monduli, jirani yetu kabisa, akatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Nilikuwa na miaka 14. Usiku mmoja tulichimba shimo katikati ya migomba tukafukia mifuko miwili ya sukari iliyofungwa kwa nailoni. Mvua ikanyesha siku tatu. Mwezi mzima tulikunywa chai yenye ladha ya udongo, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Sokoine alipofariki kwa ajali tarehe 12 Aprili 1984, Mama alilia kweli kweli. Nilimshangaa. Nilipomuuliza, alisema, "Yule alikuwa mtu wa haki. Na nyinyi mlihitaji sare za shule." Sijapata kusoma uchambuzi wa miaka ile unaonitosha kama huo.

Shuleni nako tulikuwa na somo la Siasa, na sisi watoto wa Arusha tulilibeba kwa majivuno kwa sababu Azimio la Arusha lilikuwa letu. Lilipitishwa hapa mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa tarehe 5 Februari. Masharti ya viongozi tuliyajua kwa kichwa: asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mama hakuwa kiongozi wa kitu chochote, lakini lugha ile ilimfikia hadi kwenye meza yake ya ndizi. Anunuaye ili auze alikaa hatua moja kutoka kwa kupe. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza masharti, 1992 vikaja vyama vingi, Siasa ikaondoka darasani. Miaka hiyohiyo ya 1990 ndipo neno ujasiriamali lilipoenea: ujasiri, halafu mali. Mama alilisikia kwenye semina ya akina mama kanisani. Akarudi nyumbani, akaweka mkoba chini, akasema, "Kumbe mimi ni mjasiriamali. Mwaka ule wa shimo mngeniambia."

Sasa nyumba ya pili. Arusha ilikuwa na kitengo cha kupima zana za kilimo, TAMTU, kilichojulikana kwa mikokoteni na zana za kukokotwa na ng'ombe; ulikuwepo pia mradi wa teknolojia inayofaa vijijini. Sheria ya mwaka 1981 iliviunganisha vikawa CAMARTEC. Humo mjomba wangu aliingia kama kibarua, akatoka fundi. Upande mwingine wa mji SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa kwa sheria ya 1973, lilikuwa na mtaa wake wa viwanda, na kwa msaada wa Sweden kiwanda kidogo cha huku kilifungwa udugu na kiwanda kidogo cha kule, ili ujuzi na mashine vije pamoja. Viliitwa viwanda dada. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa biogesi, na biogesi ndiyo ninayoweza kuieleza.

Kwenye mteremko wa Meru ardhi ni finyu. Ng'ombe hatembei; anakaa bandani, anakatiwa majani, na kinyesi chake kiko pale kila asubuhi, hatua chache kutoka jikoni ambako mtu anapuliza kuni mbichi. Miaka ya 1980 mafundi wa CAMARTEC, wakishirikiana na Wajerumani wa GTZ, walikaa na tatizo hilo. Mtambo wenyewe ni kuba la matofali ya kuchoma lililofukiwa ardhini. Adui yake ni ufa. Gesi ikipata ufa mwembamba kama unywele, inatoka, na jiko linazimika. Ufa huanzia chini, kuta zinapokaza na kulegea, kisha unapanda. Fundi wa kawaida angeongeza saruji. Wao walifanya kinyume: sehemu ya chini ya kuba wakaacha mduara mmoja dhaifu kwa makusudi, na juu yake wakaweka mduara imara. Ufa ukija, unapasukia pale pale palipo dhaifu; hauvuki kwenda juu penye gesi. Muundo huo umetoka hapa na kwenye vitabu vya biogesi unajulikana kwa jina la CAMARTEC. Mjomba aliusema kwa maneno matatu: "Ufa mpe pake."

Likizo ya mwaka 1988 nilimbebea matofali akijenga mtambo wa Mama, nyuma ya jiko, palepale karibu na lile shimo la sukari. Nilimwona akipiga lipu ndani ya kuba, amechuchumaa na kibatari, akipapasa ukuta kwa kiganja kama mtu anayetafuta homa kwenye paji la mtoto. Huo ulikuwa ubunifu, na hakuna aliyeuita hivyo. Kitu kimoja tu hakukijua. Mzee wa kijiji cha jirani alikuja kuangalia, akauliza mtambo kama ule ni shilingi ngapi. Mjomba akafuta jasho: "Nenda ofisini." Alijibu hivyo maisha yake yote ya kazi. Kujenga kulikuwa kwake, bei ilikuwa ya watu wa ofisi, na kati ya vitu hivyo viwili palikuwa na geti na mlinzi.

Ndipo mwaka 2009 ukaanza mpango wa taifa wa biogesi ya majumbani, chini ya CAMARTEC hiyohiyo, na safari hii fundi alitakiwa awe mkandarasi: atafute mteja mwenyewe, apatane bei, ajenge, arudi kukagua. Mjomba alikuwa na mvi kichwa kizima. Alikwenda semina akarudi na kabrasha lenye vichwa vya habari ninavyovijua: kumtambua mteja, kupanga bei, kutunza kumbukumbu. Akalibwaga mezani kwangu. "Kumbe hiki ndicho kinachokupa mshahara?" Nilijaribu kumweleza gharama zisizobadilika na zinazobadilika. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaenda kwa dada yake. Mama alimfundisha kwa muda wa kikombe kimoja cha chai: "Usianze kumwambia bei ya mtambo, atakimbia. Muulize kwanza kuni za mwezi mmoja zinamgharimu shilingi ngapi." Nyumba mbili zilisalimiana siku hiyo, katika jiko lililowashwa kwa gesi.

Nina meno ya kahawia. Wanafunzi wanaotoka Dar hudhani ni sigara. Ni maji. Miamba ya volkano ya Meru ina floridi nyingi, na mto uliolipa jina eneo letu una rangi ya chai na floridi ya kutosha kuharibu meno ya mtoto kabla hajayatumia vizuri. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa sababu kikomo cha 1.5 kingefunga vyanzo vingi mno. Pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floridi, na njia yao ni mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ikawa mkaa: maji yanapita, mkaa unashika floridi. Inafanya kazi. Ila mkaa ukishashiba lazima ubadilishwe, na hapo maswali yanaacha kuwa ya kemia: mifupa itoke bucha lipi, tanuri liwe la nani, nani atoe hela mwezi wa saba watu wakishasahau mkutano wa kijiji.

Mwaka 2011 Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela ilipokea wanafunzi wake wa kwanza huku Tengeru, wa uzamili na uzamivu tu, na Novemba 2012 Rais Kikwete akaizindua rasmi. Imekaa kwenye eneo lililokuwa la CAMARTEC. Ndani yake, pamoja na shule za uhandisi na za viumbe, iko shule ya biashara na masomo ya jamii, na mwanasayansi hupita humo pia. Geti lile la mjomba, nilijiambia, limeondolewa.

Mmoja wa wahadhiri wake, Askwar Hilonga, mwana wa kijiji cha Gongali kule Karatu, alitengeneza chujio linalounganisha mchanga wa kawaida na chembechembe za nano, linaloweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali, floridi ikiwemo. Juni 2015 akawa mshindi wa kwanza wa tuzo ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Magazeti yaliandika pauni. Mimi darasani nazungumzia kilichofuata. Chujio moja lilikuwa zaidi ya dola 100, na familia iliyolengwa haikuwa na hela hiyo. Basi likawekwa pia kwenye vituo, muuzaji mdogo akalitumia kuuza maji safi, mtu akanunua kiasi cha siku yake. Familia hiyo haikuuziwa chujio, iliuziwa maji, ambayo hela yake tayari ilikuwa inatoka mfukoni kila siku. Ni kuni za Mama zilezile.

Pamoja na hayo yote, kazi wanayoniletea wanafunzi mwisho wa muhula bado ni andiko la biashara. Siwalaumu sana. Halmashauri zimetenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mlango wa mkopo ni andiko. Kwa hiyo wanajifunza kuandika kwa ajili ya ofisa. Muhula mmoja nilipokea maandiko saba ya juisi ya parachichi, yote yakiwa na faida ileile hadi shilingi ya mwisho. Wakati huohuo wale vijana wanauziana mitumba na chipsi hosteli kwa hela ya boom, yaani posho ya mkopo wa masomo, wanakopeshana, wanadaiana, wanachapana kwa bei, na hakuna hata mmoja aliyewahi kudhani hiyo ni kazi ya darasani.

Siku hizi nawapeleka Maji ya Chai. Basi la chuo linaegeshwa barabarani, tunatembea hadi kwa Mama, ambaye sasa miguu yake haipandi mlima lakini akili yake bado inapanda. Wanapiga magoti kumwamkia, anaitikia marahaba mmoja mmoja. Wanaona mtambo wa 1988, wanawasha jiko, moto wa bluu unatoka, wanapiga picha. Nawaonyesha usawa ulipo mduara dhaifu, ingawa umefukiwa na hauonekani.

Mara ya mwisho msichana mmoja alimuuliza, "Bibi, changamoto yako kubwa katika biashara ilikuwa nini?" Mama hakujibu. Alikuwa anatazama barabarani.

"Lile gari lenu linarudi mjini tupu?"

"Tupu, Bibi."

Mikungu kumi na miwili ya mshare ilipakiwa nyuma, mwanafunzi wa kiume kwa kila mkungu. Dereva alitaka hela ya mzigo. Walipatana kwa mkungu mmoja, na Mama akamchagulia ule mdogo.