Mikono Minne, Jalada Moja

Mwaka 1969 kampuni ya Ace ya New York ilitoa riwaya ya bunilizi ya kisayansi ya Ursula K. Le Guin, The Left Hand of Darkness, ikiwa kitabu kidogo cha jalada laini, bei yake chini ya dola moja. Vitabu vya namna hiyo viliuzwa hata kwenye maduka ya dawa, na mnunuzi alizoea kukuta juu yake roketi, jitu la sayari ya mbali na binti anayepiga yowe. Hiki kilikuwa na nyuso mbili za watu, zimetazama pembeni. Waliozichora ni mume na mke, Leo na Diane Dillon.

Mazoea ya roketi yalikuwa na asili yake. Tangu 1926 Frank R. Paul, mzaliwa wa Austria aliyesomea usanifu majengo, alichora majalada ya jarida la Amazing Stories, na mitambo yake ilikuwa hai kuliko watu wake. Katika miaka ya 1950 Richard Powers, akiichorea kampuni ya Ballantine, alileta maumbo ya ndotoni yasiyo na jina. Mlango ukafunguka. Mhariri Terry Carr alipoanzisha mfululizo wa Ace Specials mwaka 1968, aliwapa akina Dillon majalada, nao wakamrudisha binadamu katikati ya picha.

Leo alizaliwa Brooklyn mwaka 1933, wazazi wake wakitoka Trinidad. Diane, Mzungu wa California, alizaliwa siku 11 baada yake. Walikutana chuo cha sanaa cha Parsons na kwanza walikuwa washindani, kila mmoja akiumizwa na uhodari wa mwenzake. Walioana 1957, miaka 10 kabla Mahakama ya Juu ya Marekani haijafuta sheria za majimbo zilizokataza ndoa ya mtu mweusi na Mzungu, kama yao. Ili ushindani usiwavunjie nyumba, waliamua kuchora kama mtu mmoja. Karatasi ilipita kutoka meza hii kwenda ile. Huyu aanze, yule aendeleze, hata kazi ikiisha wenyewe wasiweze kusema mstari upi ni wa nani. Walimwita huyo aliyezaliwa kati yao msanii wa tatu.

Naona hapa ndipo siri ya majalada yao ilipo. Jalada la kitabu cha mfukoni lina sentimita 18 kwa 11 hivi, na humo jina la kitabu, la mwandishi na bei vyote vinadai nafasi. Wao walijifunza kuiacha picha ibebwe na umbo moja au mawili. Riwaya ya Le Guin inahusu mjumbe mwenye ngozi nyeusi katika sayari ambayo wakazi wake si wanaume wala wanawake. Nyuso mbili zilitosha. Mwaka 1971 walipewa Tuzo ya Hugo ya mchoraji bora.

Walichojifunza hapo walihamia nacho kwenye vitabu vya watoto. Katika Why Mosquitoes Buzz in People's Ears, hadithi ya Afrika Magharibi, kila mnyama amezungukwa na mstari mweupe. Mstari huo haukuchorwa: walifunika karatasi, wakapulizia rangi kwa bomba, na sehemu iliyofunikwa ikabaki nyeupe. Kitabu hicho kiliwapatia Tuzo ya Caldecott, ya picha za vitabu vya watoto, mwaka 1976, na Leo akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata.

Mwaka uliofuata waliipata tena, kwa Ashanti to Zulu ya Margaret Musgrove, na hicho ndicho kitabu chao ninachokipenda kupita vyote. Kina makabila 26, kwa herufi 26. Wachagga wako kwenye C, Waikoma kwenye I, Wajie wa Uganda kwenye J, Warendille kwenye R. Kila ilipowezekana, waliweka katika mchoro mmoja mwanamume, mwanamke, mtoto, makazi yao, chombo cha kazi ya mikono na mnyama wa kwao. Yote hayo kwenye ukurasa mmoja, ndani ya fremu yenye nakshi iitwayo fundo la Kano pembeni, na hakuna kinachosongamana. Kwenye W wako Wagenia, wavuvi wa maporomoko ya mto Kongo.