Zipelle na Zaï: Maneno Mawili ya Historia ya Ardhi ya Yatenga

Katika jimbo la Yatenga, kaskazini ya nchi iitwayo leo Burkina Faso, Wamosi wana neno zipelle, yaani ardhi tupu iliyofanya gamba gumu, hata mvua ikinyesha maji hayapenyi bali hutiririka juu yake. Ukame wa miaka ya 1968 hadi 1973 uliizidisha ardhi ya namna hiyo, na watu wengi wakavihama vijiji vyao.

Baadhi ya waliobaki waliirudia desturi ya wazee iitwayo zaï. Neno hilo husemwa kuwa latokana na zaïégré, maana yake kuamka mapema na kuharakia kuitengeneza ardhi. Jina lalingana na kazi, kwani mashimo huchimbwa wakati wa kiangazi, kabla mvua haijaanza. Zamani yalikuwa madogo. Mnamo mwaka 1980 hivi, Yacouba Sawadogo, mkulima wa kijiji cha Gourga, aliyapanua na kutia ndani yake samadi na takataka za mimea.

Wengi wamelisifu shimo, lakini shimo tupu hukusanya maji tu, wala halilishi mmea katika ardhi iliyokwisha rutuba. Kazi kubwa ni ya samadi. Hiyo huwavuta mchwa, nao hutoboa njia nyingi chini ya gamba, maji yakapata pa kupitia, na chakula cha mmea kikachanganyika na udongo. Hivyo mdudu ahesabiwaye kuwa adui wa nyumba na ghala aligeuka kuwa msaidizi wa mkulima. Tena mbegu za miti zilizokuwamo katika samadi ziliota pamoja na mtama na uwele. Sawadogo hakuzing'oa, na baada ya miaka mingi ukapatikana msitu wenye aina zaidi ya 60 za miti na vichaka.

Hata hivyo, kazi hii ni nzito, na asiye na mifugo hupata shida ya samadi. Tena iko shida ya pili: mji wa Ouahigouya ulipopanuka, sehemu ya msitu ule ilikatwa viwanja vya nyumba. Sawadogo, aliyepewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018, alifariki mwaka 2023. Ardhi aliyoianza ilikuwa zipelle, isiyotakwa na mtu. Ilipopona, ikapata wenye kuitaka.