Elimu ya masafa: je, fimbo ya mbali yaweza kuua nyoka?

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Siku hizi vyuo vinatuambia inaua, tena kwa simu ya mkononi tu. Mimi ni mtu wa Pwani ninayeishi Keumbu, soko la ndizi kwenye barabara ya Kisii kwenda Keroka. Hapa nazungukwa na walimu wanaosoma huku wakifanya kazi, na nyumbani naulizwa kila mara: "Nimlipie mtoto kozi ya mtandaoni, au nimtafutie chuo cha kwenda?" Jibu langu ni kwamba tuangalie kwanza kipi kinafunzwa mtandaoni na kipi kinafunzwa ana kwa ana.

Elimu ya masafa ni masomo ambayo mwalimu na mwanafunzi wake wako mbalimbali kwa muda mwingi, na kuna chombo kinachobeba somo baina yao. Si jambo geni kwetu. Mwaka 1967, huko Kikuyu, Taasisi ya Mafunzo ya Watu Wazima ilianzisha kitengo cha masomo kwa posta, na walimu wa shule za msingi wakawa wanasoma kwa vitabu vilivyotumwa na vipindi vya redio. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kutoa shahada ya ualimu kwa masafa. Tanzania ilipitisha sheria ya kuunda Chuo Kikuu Huria mwaka 1992. Kenya nayo ilikipa chake hati tarehe 3 Agosti 2023, makao yakiwa Konza.

Vyuo vya aina hii havikutegemea chombo peke yake. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, kilifundisha kwa posta, redio na televisheni, lakini kiliweka pia wakufunzi karibu na wanafunzi na masomo ya bweni wakati wa kiangazi. Kile cha Tanzania kina vituo mikoani, hadi Unguja na Pemba. Mtaalamu Michael Moore ameeleza sababu yake: umbali unaoumiza masomo si wa kilomita, ni ule wa kutoelewana. Palipo na mazungumzo hupungua. Mwanafunzi akiachwa peke yake huzidi, hata akiwa jirani na chuo.

Basi kila kazi ipewe mahali pake. Mhadhara, maelezo na vitabu vikae mtandaoni, kwani mwanafunzi aweza kuvirudia usiku watoto wakishalala. Maabara, mazoezi ya kufundisha, majadiliano ya kazi iliyosahihishwa na mkutano wa kwanza wa kufahamiana vifanywe ana kwa ana.

Hapa ndipo fedha za watu hupotea. Walimu wengi Kenya huhudhuria vipindi vya chuo shule zikifungwa, Aprili, Agosti na Desemba. Wa Keumbu hupanda matatu hadi mjini Kisii na jioni akarudi kwake. Wa kisiwani Lamu huanza na mashua, kisha basi, kisha akatafuta pa kulala. Akifika akasomewa karatasi ambazo angezisoma kwenye simu, nauli yake imekwenda bure. Na kozi isiyo na mkutano wowote, wala mtu wa kujibu swali, humfanya aache kimyakimya, karo ikiwa imeshalipwa.

Tusidhani mtandao nao ni bure. Shule zilipofungwa Machi 2020, masomo yalihamia redio, televisheni na intaneti. Nyumba yenye simu moja na watoto wanne iliona wazi nani alisoma na nani alisubiri.

Kabla ya kulipa, uliza haya:

1. Je, kozi na chuo vinatambuliwa? Kwa shahada, ulizia Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.
2. Mikutano ni mingapi, wapi, na nauli na malazi ni kiasi gani? Jumlisha na karo.
3. Nani anasahihisha kazi, na anairudisha baada ya siku ngapi?
4. Masomo yanaweza kupakuliwa na kusomwa bila bando?
5. Mtihani unafanyiwa wapi?

Chuo kisichoweza kujibu la tatu, mimi singekilipa.

Pia tusingoje chuo kwa kila kitu. Walimu watano wa kozi moja wakikutana darasani Jumamosi, hapa Keumbu au kule Kilifi, tayari wana ana kwa ana yao bila nauli kubwa. Sisi Pwani tumelelewa kwenye darsa; twajua faida ya kukaa pamoja, mmoja akisoma na mwingine akiuliza. Yafaa kumbi za shule, maktaba na madrasa zifunguliwe kwa vikundi hivi, na vyuo vitume mkufunzi japo mara moja kwa muhula. Ni nafuu mtu mmoja asafiri kuja kwa hamsini kuliko hamsini kumfuata mmoja.