Taji Lililowatawala Wafalme: Historia Fupi ya Taji Takatifu la Hungaria na Walinzi Wake

Msalaba ulio juu ya Taji Takatifu la Hungaria umelala upande. Sonara hakuutengeneza hivyo. Uliinama kwa ajali, yaelekea katika karne ya 17, kifuniko cha sanduku kilipofungwa kwa pupa. Wahungaria hawakuunyoosha. Hata kwenye nembo ya taifa wameuchora vivyo hivyo, umeinama, na kwangu mimi hilo ni jambo la heshima. Taji hili si pambo lililokaa kabatini kwa starehe. Limeibwa, limewekwa rehani na limezikwa ardhini, na nyuma ya kila tukio kulikuwa na watu waliokabidhiwa kulitunza. Historia yake ni historia ya watu hao.

Kwa mapokeo, ni taji alilotawazwa nalo Mfalme István, Mtakatifu Stefano wa Wakristo, mwaka 1000 au mwanzoni mwa 1001, likiwa zawadi ya Papa Sylvester II. Wataalamu waliolichunguza wanasema vingine. Pete ya chini ilitengenezwa Konstantinopoli zama za Kaizari Michael VII Doukas, aliyetawala 1071 hadi 1078, na István alikuwa amefariki tangu 1038. Ukiitazama kwa karibu unaona picha ndogo za enameli zilizopangwa kuizunguka, na vijinyororo tisa vinaning'inia masikioni na kisogoni. Upande wa nyuma wamechorwa kaizari na mfalme Géza wa Hungaria. Kaizari ana mduara wa nuru kichwani, Géza hana. Mabamba yanayovuka juu, yenye sura za mitume na maandishi ya Kilatini, yaliungwa baadaye. Taji moja, basi, lina mikono miwili: wa Wagiriki chini, wa Walatini juu. Kwangu mimi ukweli huo haulipunguzii taji hadhi. Nchi iliyosimama kati ya pande mbili za Ukristo ilipata taji linalofanana nayo.

Karne zilivyokwenda, taji likawa kubwa kuliko mvaaji. Ili mfalme akubalike ilimpasa atawazwe kwa taji hili hili, na Askofu Mkuu wa Esztergom, katika mji wa Székesfehérvár. Karoli Róbert alitawazwa mara tatu, 1301, 1309 na 1310, na ni ile ya tatu tu iliyohesabiwa, kwa sababu hapo ndipo lilipopatikana taji lenyewe. Mwanasheria István Werbőczy, katika kitabu chake cha sheria cha 1514, aliwaeleza makabaila kuwa viungo vya mwili wa Taji Takatifu. Kwa fikra hiyo ardhi ni ya taji, na mfalme mwenyewe anatawala kwa idhini yake. Kaizari Joseph II, aliyeitawala Hungaria kutoka Vienna, alikataa kutawazwa, akalihamishia Vienna mwaka 1784 kama kitu cha makumbusho. Wahungaria wakambandika jina la mfalme wa kofia. Liliporudi Buda mwaka 1790 watu walijaa barabarani kulipokea.

Lakini hakuna usiku unaolingana na ule wa Februari 1440. Malkia Elizabeth alikuwa mjane mjamzito, na makabaila walitaka kumpa ufalme Władysław wa Poland. Malkia akamtuma mtumishi wake, Helene Kottannerin, akalichukue taji kutoka ngome ya Visegrád. Mama huyo baadaye alisimulia yote katika kumbukumbu zake, na ndiyo maana tunayajua. Mwenzake alikesha akikereza makufuli kwa tupa, naye Helene amepiga magoti nje akiomba Mungu kelele zisisikike. Walipolipata, wakaifunga milango upya na kuipiga mihuri ya malkia. Kisha wakapasua takia la mahameli nyekundu, wakapunguza manyoya, wakalitia taji ndani na kulishona. Takia likapandishwa kwenye sleji, likavushwa juu ya Danube iliyoganda, barafu ikilia chini yao. Usiku ule ule walipofika Komárom, malkia alijifungua mtoto wa kiume. Mtoto huyo, László, alitawazwa mwezi Mei akiwa na majuma 12. Wapinzani walipofungua sanduku Visegrád wakalikuta tupu.

Malkia aliishiwa fedha, akaliweka rehani kwa Frederick III, mfalme wa Wajerumani. Mfalme Mátyás alilikomboa mwaka 1463 kwa florini 80,000 za dhahabu, akatawazwa mwaka uliofuata, na sheria ya 1464 ikaweka utaratibu wa kulilinda. Hapo ndipo asili ya taasisi ya walinzi wa taji. Kama nchi imepoteza kitu mara moja kwa sababu ya makufuli tu, inajifunza kwamba kitu kinalindwa na watu.

Mwaka 1849, mapinduzi dhidi ya Austria yaliposhindwa, waziri mkuu Bertalan Szemere na wenzake walilizika karibu na Orsova, na Waaustria wakalifukua Septemba 1853. Wa mwisho kulivaa alikuwa Karoli IV, tarehe 30 Desemba 1916, katikati ya vita. Baada yake Hungaria ikabaki ufalme usio na mfalme, chini ya Amiri Horthy, kaimu wa mfalme.

Novemba 1944 Ferenc Szálasi, kiongozi wa wafashisti, alikula kiapo mbele ya taji hilo. Ni doa, na historia ya taasisi isiyotaja doa haifai kuandikwa. Wasovieti walipokaribia, walinzi wakalichukua kuelekea magharibi hadi Mattsee, Austria. Kanali Ernő Pajtás na wachache aliowaamini walilizika ndani ya pipa la mafuta. Wamarekani walipokabidhiwa sanduku na kulifungua, taji halikuwemo. Lilifukuliwa baadaye na kukabidhiwa. Likaishia Fort Knox, jimbo la Kentucky, pamoja na akiba ya dhahabu ya Marekani. Tarehe 6 Januari 1978 Cyrus Vance, kwa niaba ya Rais Carter, alilirudisha Budapest, ingawa Wahungaria wengi waliokimbilia Marekani walipinga lisikabidhiwe kwa serikali ya kikomunisti. Naona Carter alifanya haki. Mwenye kitu alikuwa taifa, na serikali hupita.

Tangu tarehe 1 Januari 2000 taji liko chini ya kuba la Bunge. Joho la kutawazia, lililotengenezwa mwaka 1031 kama vazi la kikasisi, lilibaki Makumbusho ya Taifa kwa kuwa limechakaa mno kuhamishwa. Kikosi cha Walinzi wa Taji, kilichokufa baada ya vita, kilifufuliwa mwaka 2011.

Msomaji wa pwani yetu ya Afrika Mashariki akifika pale, asimalizie macho yake kwenye taji. Kando yake kuna fimbo ya kifalme, na kichwani mwa fimbo hiyo tufe la jiwe angavu kama maji, limechongwa simba watatu. Ni kazi ya mafundi wa Misri ya Wafatimi, karne ya 10. Karne iliyofuata mwanazuoni Al-Biruni aliandika kwamba jiwe hilo hufika Basra kutoka visiwa vya Zanj, jina la kale la pwani yetu, na huko Dembeni, kisiwani Mayotte, wachimbuaji wa mambo ya kale wameyakuta mabaki yake. Asili ya jiwe la fimbo hii haijaandikwa popote juu yake. Hata hivyo litazame vizuri, kwa kuwa biashara iliyolisha karakana za Cairo ilipita kwenye bahari yetu.